Kinanda Kisichokuwa na Mfuko

Kabla sijaanza, nitazame machoni. Haya. Mimi si mtu wa hekaya. Mimi fundi cherehani, kazi yangu kutazama pindo limenyooka ama limekwenda upande, basi. Hili ninalotaka kukwambia nililiona kwa macho yangu, mchana kweupe, alasiri haijaadhiniwa, uzi umo kwenye sindano na mguu wangu uko juu ya kikanyagio. Nani alikwambia mambo haya hutokea usiku tu? Unacheka? Cheka. Wenzio walicheka vilevile, kisha wakamsikiliza mdogo wangu akiwa usingizini, wakavaa viatu vyao wakaenda zao bila kuaga.

Kwetu ni Pangani. Baba yetu alikuwa mkwezi, akikwea minazi ya Waarabu wa ile nyumba ya ghorofa karibu na mto. Ndani ya nyumba hiyo alikuwamo mwanamke akiitwa Bi Thuraya. Sikupata kumwona uso wake, wala hakuna mtoto wa upande wetu aliyepata kumwona, maana alikuwa anatawa, hatoki nje. Tulimsikia tu. Kila baada ya adhuhuri dirisha la juu lilifunguliwa kidogo, na kinanda kikaanza.

Kinanda chenyewe ni kile kisanduku cha kukaa nacho chini. Mkono wa kulia unabonyeza, wa kushoto unavuta na kusukuma mfuko ulio nyuma ili kipate upepo. Hakina upepo, hakina sauti. Ndiyo maana kilikuwa kikilia kwa namna ile: sauti inaanza ndogo, inakua, inajaa, halafu inashuka mfuko unapoishiwa, kisha kinavuta pumzi tena. Mimi na mdogo wangu Salimu tulikuwa tukikaa chini ya dirisha lile, yeye akikifuatisha kwa pua, mpaka mama anamfuata na mwiko mkononi. Hakutaka kula. Mtoto wa mkwezi, wazimu wake ni kinanda!

Baba alipofariki mama akatuhamishia Tanga mjini, Ngamiani. Hizo zilikuwa siku za mwisho mwisho za Mwingereza. Mimi nikajifunza kushona, Salimu akaingia dukani kwa Mhindi mmoja kutengeneza redio. Mama naye hakukaa sana. Siku anakata roho alinishika mkono, hakusema mali wala nyumba, alisema, "Salimu, mwanangu. Salimu." Basi. Nikajua mimi dada mtu nimeachiwa nini.

Habari ya kufa kwa Bi Thuraya tuliletewa na watu waliotoka Pangani, na waliileta pamoja na kioja. Walisema alipoona hali imekuwa mbaya aliomba mkasi, akaupasua mfuko wa kinanda chake kwa mkono wake mwenyewe. Watu wa nyumba wakapiga kelele, kinanda kizima, kimetoka Bombei! Akawajibu, "Kimekula pumzi yangu. Kisije kikala ya mwingine." Sisi tukasema maneno ya mgonjwa hayo. Wewe ungesemaje?

Sasa njoo kwenye gita. Salimu alikuwa akipiga gita katika chama cha taarabu cha mtaani kwetu, mwimbaji wake Bi Mwanaidi, mwanamke mwenye sauti na mwenye kelele. Chama cha mtaa wa pili kikapata kinanda. Lo! Kila harusi ikawa yao. Bi Mwanaidi akawa hali wala halali, kila akitukuta ni, "Watatuzika hawa, watatuzika hai." Kinanda hatuna na pa kukipata hatuna. Siku moja Salimu akamwambia, "Bi mkubwa, acha kulia. Kinanda ninacho kichwani."

Nikadhani amechanganyikiwa. Kumbe mwenzangu alikwisha kufikiri. Akanieleza hivi: gita ukilipiga, sauti yake inaanza na kishindo, tang! halafu inakufa polepole. Kinanda ni kinyume, kinaanza kimya kisha kinajaa. Kwa hiyo ukikiziba kile kishindo cha mwanzo, ukaifungua sauti taratibu baada ya uzi kuguswa, mtu hawezi kujua kuwa ni gita. Gita lake alikwisha kulitia sumaku na waya, likawa la umeme, linatolea sauti kwenye redio kuukuu. Akachukua kikanyagio cha cherehani yangu ya zamani iliyokufa, akakifunga kamba, kamba ikaenda mpaka kwenye kifundo cha redio, kile cha kuongezea sauti. Ukikanyaga, sauti inafunguka. Ukiachia, inafunga. Akaongeza na kisanduku kingine alichokiunga mwenyewe kwa vyuma vya redio, cha kuitetemesha sauti kidogo mle ndani.

Ila mguu wake sasa! Mguu wa Salimu ulikuwa mzito, vidole vinakwenda huku mguu unakwenda kule. Nilimtazama jioni nzima nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Toka hapo, unakanyaga kama unaua mende." Nikavuta kigoda, nikaweka mguu wangu. Mimi mguu huu unakanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka jua linazama, unajua kwenda na unajua kusubiri. Salimu akagusa nyuzi, mimi nikafungua taratibu.

Mwenzangu, niamini. Nilikuwa Pangani tena, chini ya dirisha. Bi Mwanaidi alikuwa uani anaosha vyombo, akaja mbio na mikono ina majivu, akachungulia nyuma ya kabati, akainama chini ya kitanda. "Mmekificha wapi hicho kinanda, nyie watoto?" Salimu akacheka mpaka akakaa chini.

Kuanzia hapo ikawa sisi. Kwenye harusi za wanawake wapigaji hukaa nyuma ya pazia, basi hakuna aliyeona kitu, watu wakaapa kuwa chama cha Bi Mwanaidi kimepata kinanda kisichokuwa na mfano pwani nzima. Salimu kwenye gita, mimi kwenye kikanyagio, bega kwa bega. Nilikuwa na raha, sikufichi. Raha kabisa.

Lakini nikaanza kuona jambo. Wimbo ukiisha, Salimu anahema. Mtu amekaa kitini, anatumia vidole tu, anahema kama mkwezi aliyeshuka mnazini! Mwanzo nikamtania, nikamwita mzee. Halafu akawa hawezi kupanda ngazi za duka bila kusimama kati. Halafu akawa anakatiza maneno. Nikampeleka hospitali, daktari akamgonga mgongo, akamsikiliza, akasema kifua safi. Kifua safi! Na usoni amebaki macho. Usiku nilikuwa nalala sikio liko kwake, akinyamaza kidogo naamka.

Siku moja kabla ya harusi kubwa, harusi ambayo chama cha mtaa wa pili nacho kiliitaka kikaikosa, nilikuwa peke yangu ndani nashona. Nikasikia, "Hodi."

"Karibu."

Akaingia mwanamke amevaa buibui, mtu mzima, mweupe, ananukia udi. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akakawia, kisha akasema, "Marahaba." Kulikuwa na kasoro katika sauti ile, wala sikujua ni nini. Akasema anataka gauni, nimpime, kitambaa atakileta. Mimi nani nimkatae mteja? Akavua buibui, nikachukua utepe wangu.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Mimi nimepima wanawake wa kila namna, na kifua cha mtu hakitulii. Ukizungusha utepe husomi papo hapo, unangoja avute pumzi, kifua kijae, ndipo unasoma. Nguo isiyoachiwa nafasi ya pumzi inapasuka makwapani siku ya kwanza. Ni jambo la kwanza alilonifundisha aliyenifundisha kazi. Basi nikazungusha utepe, nikangoja avute pumzi. Nikangoja. Utepe umetulia. Nikadhani amejibana, wako wanawake wanaojibana waonekane wembamba. Nikamwambia, "Pumua, bibi, nisije nikakubana."

Akasema, "Sina haja nayo, mwanangu. Wewe pima."

Na hapo ndipo nikaijua ile kasoro ya sauti. Alikuwa anasema bila kuvuta pumzi. Maneno yanatoka tu, moja baada ya jingine, hakuna pahala pa kupumzikia. Utepe ukanianguka. Nikainama kuuokota, nikauona mkono wake wa kushoto: kiganja kina sugu ndefu iliyopita katikati, ya mtu aliyeshika ubao na kuusukuma maisha yake yote.

Akasema, "Wewe na mdogo wako mlikuwa mkikaa chini ya dirisha langu. Yule wa kiume alikuwa akinifuatisha kwa pua."

Ungefanya nini wewe? Sema! Ungepiga kelele? Mimi bismillahi niliisomea moyoni. Akakaa kwenye kigoda changu taratibu kama mgeni yeyote aliyechoka na jua.

"Mnakipiga vizuri," akasema. "Lakini chenu hakina mfuko. Pumzi kinaitoa wapi?"

Nikaukunja utepe, nikaukunjua.

"Nakuuliza, mwanangu. Changu kilikuwa na mfuko wa ngozi, na bado kilinimaliza. Chenu mmekipa kifua cha nani?"

Nikalia. Nilijua jibu, nililijua tangu siku ya ngazi za duka. Nikamwambia, "Nina yeye tu, bibi. Sina mwingine." Akachukua mkasi wangu mezani, akanitia kiganjani, akanifunga vidole kimoja kimoja. Mkono wake haukuwa wa baridi wala wa moto.

"Kata ile kamba," akasema, "na ukate kabla hakijaanza kulia. Kikishaanza, usikate. Ukikikata katikati, kazi ya mfuko inabaki kwako, wewe uliyekata."

Akavaa buibui lake akatoka. Nikakimbilia mlangoni. Barazani nje alikuwa amekaa jirani yangu anasuka ukili wa mkeka. Nikamuuliza, "Huyu mama amekwenda upande gani?" Akanitazama juu mpaka chini. "Mama gani? Hajaingia mtu kwako tangu adhuhuri. Una homa?"

Salimu aliporudi nilimwambia yote. Tukagombana, tena ugomvi mbaya. Akasema mimi namwonea kijicho, kwamba nataka arudi kuchomea redio za Wahindi mpaka azeeke. Kila maneno mawili anakaa kupumua, na bado anabisha! "Kesho tu, dada. Nikitoka hapo siligusi tena. Usinikate miguu mbele ya watu." Nikasema kesho haipo. Akachukua gita lake akaenda kulala kwa Bi Mwanaidi. Kikanyagio na kamba watu wa chama walikwisha kuvipeleka ukumbini.

Kesho yake niliuficha mkasi ndani ya gauni nikatoka mapema, kabla ya wakati tulioambiwa. Nilisema nitaikata kamba hata akinipiga. Ila bibi harusi alitolewa mapema kuliko ilivyopangwa, walioleta haraka ni watu wa kwao. Nilipofika kona ya ukumbi nikakisikia kinanda.

Kinalia. Kinajaa, kinashuka, kinavuta pumzi, sawasawa kabisa na ninavyokifanya mimi. Nikasimama njiani pale, watu wananipita na magauni yao. Nani anakanyaga? Salimu mguu wake naujua. Bi Mwanaidi anaimba, namsikia. Nikatupa macho chini, nikaona mguu wangu wa kulia, juu ya mchanga wa barabarani, unapanda na kushuka. Naapa kwa Mola aliyeniumba, sikuutuma.

Nikaingia kwa mlango wa nyuma huku naburuta mguu. Nyuma ya pazia Salimu amefumba macho, gita mapajani, miguu yake yote miwili ameikunja chini ya kiti. Kikanyagio kiko peke yake, kinakwenda. Wapigaji wengine wamekaza macho kwenye ngoma na fidla zao, hakuna anayetazama chini. Midomo ya Salimu ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na kila sauti ilipojaa kifua chake kilikuwa kinabonyea. Kinabonyea ndani, mwenzangu. Upande wa pili wa pazia wanawake wanapiga vigelegele.

Na yeye alikuwapo. Bi Thuraya. Amekaa pembeni, kwenye mkeka, pahala ambapo mgeni haruhusiwi, anatazama. Nikautoa mkasi. Akatikisa kichwa: usikate, kimeshaanza. Nikamtazama Salimu. Wimbo ule ulikuwa na beti nyingi, na Bi Mwanaidi akipata vigelegele huwa anarudia. Nikahesabu moyoni kama atafika. Hafiki. Hata mtoto angeona kuwa hafiki. Nikamtazama tena yule bibi, nikamwambia, kwa sauti, wala sikujali nani atasikia, "Basi na ibaki kwangu!"

Nikakata.

Kamba ilikatika, kikanyagio kikadondoka. Bi Thuraya akajifunika uso kwa ukaya, na nilipopepesa macho mkeka ulikuwa mtupu. Lakini kinanda hakikunyamaza. Kiliendelea kidogo, nusu ya ubeti hivi, na gita Salimu alikwisha kuliachia, liko sakafuni. Nilipoinama nikajua kinatoka wapi. Kinatoka kifuani mwake. Kisha akaanguka mikononi mwangu, akavuta pumzi moja kubwa ya mtu aliyetoka chini ya maji. Nje ya pazia walishangilia wakidhani wimbo umekwisha.

Hakufa. Unamjua, umemwona leo amekupa mkono. Alirudi kwenye redio zake, akaoa, ana wajukuu. Gita hakuligusa tena. Mchana yuko kama mimi na wewe. Ila akilala, kifua chake kinalia kile kinanda. Sauti ndogo, inakua, inajaa, inashuka. Mashehe wamemsomea, tumekwenda mpaka Mwera kwa watu wanaojua, wote wakatoka wanajipangusa jasho. Mkewe amezoea, masikini, anasema asipokisikia hapati usingizi.

Na mimi? Mimi nililipa nilichokubali. Akilala yeye, mguu wangu huamka. Niwe nakula, niwe naswali, unapanda na kushuka mpaka aamke. Nilidhani ni maradhi tu ya fundi cherehani. Mpaka mwaka ule nilipovunjika paja, wakanichoma sindano ya kunilaza, mguu ukafa ganzi. Nilipozinduka mke wa Salimu amesimama kichwani pangu analia. Alisema Salimu alikuwa amejilaza mchana, kinanda kikakatika ghafla, akawa bluu, wakamwamsha kwa kumpiga makofi na maji. Saa ile ile. Sasa nieleze wewe uliyesoma.

Ndiyo maana nakwambia, na uwaambie wenzio wanaocheza na vidude vya kugeuza sauti hii iwe ile. Kila kinacholia kinapata nguvu pahala. Kabla hujakitia mkono kiulize pahala penyewe ni wapi, na kama hakikujibu, kiache hapo kilipo.

Mimi nimezeeka, na kila nikimaliza swala nina dua moja. Namwomba Mungu amchukue Salimu kabla yangu. Umewahi kumsikia dada akiomba hivyo juu ya mdogo wake? Lakini nikitangulia mimi, atafunga macho kulala siku hiyo hiyo, na nani atamkanyagia? Kwa hiyo sitaki kufa. Nakunywa dawa zangu zote, sitoki na mvua, nagombana na kila anayeniambia nipumzike.

Mbona unatazama chini? Ah, mguu. Usiogope, uache tu. Salimu amesinzia huko ndani.